Kupima nyota kwa macho matupu na kutuma vipimo vyako: mwongozo wa anayeanza

"Sina darubini, naweza kusaidia?" "Sikusoma fizikia, watanipokea?" "Nikituma kipimo kibovu si nitawaharibia utafiti?" Maswali haya matatu, kuhusu kupima mwanga wa nyota na kuwatumia wanaastronomia vipimo, hunijia kila mara, na kila mara najikuta naandika majibu yaleyale. Basi leo nayaandika mara moja, kwa urefu.

Darubini huhitaji. Watakupokea. Na kipimo kibovu hakiharibu utafiti, mradi kiwe cha kweli: umeandika ulichokiona, kwa saa uliyokiona. Kipimo kinachoharibu ni kile kilichotungwa. Hilo nitalirudia huko mbele kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza, tena bila nia mbaya.

Kazi za wanaastronomia wa ridhaa ziko za aina mbili. Ya kwanza unaifanya mbele ya skrini: unaonyeshwa picha zilizopigwa na darubini kubwa, unajibu maswali kuhusu unachokiona. Ya pili unaifanya nje, chini ya anga. Mwongozo huu ni wa aina ya pili, lakini ya kwanza nitaigusa kwa sababu ni mahali pazuri pa kupasha misuli moto.

Kwa nini wataalamu wahitaji macho yako wakati wana darubini zenye vioo vya mita nane? Kwanza, darubini hizo hugawanywa kwa zamu, na hakuna atakayepewa usiku arobaini mfululizo ili atazame nyota moja. Pili, nyota angavu huzidi uwezo wa kamera za darubini kubwa: picha inaungua, hakuna cha kupima. Nyota ambayo wewe unaiona vizuri ukiwa umesimama uani ndiyo hiyohiyo inayowasumbua. Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya kundinyota la Jabari, ilipofifia mwishoni mwa 2019 hadi ikafika takriban magnitudi 1.6 (kipimo cha mwanga wa nyota, nitakieleza punde) mwezi Februari 2020, watazamaji wa ridhaa walikuwa na kumbukumbu zake za miaka na miaka za kulinganishia.

Kuhusu magnitudi, nadharia yote unayoihitaji ni hii: namba ikiwa kubwa, nyota ni hafifu. Nyota ya magnitudi 1 inang'aa kuliko ya 2, na ya 2 kuliko ya 3. Tofauti ya magnitudi tano ni mwanga mara 100. Macho matupu penye giza kamili hufika karibu 6. Basi.

Kwanza wiki moja ya skrini

Ukipenda, anza na Zooniverse. Ni jukwaa la bure lililozaliwa 2009 kutokana na mradi wa Galaxy Zoo wa 2007, ambao katika mwaka wake wa kwanza ulipata zaidi ya majibu milioni 50 kutoka kwa watu zaidi ya 150,000. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza: galaksi hii ni ya mviringo laini, au ina mikono inayojizungusha? Katika mradi huo mwalimu wa Uholanzi, Hanny van Arkel, aliona doa la ajabu pembeni mwa galaksi akauliza "hiki ni nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Leo wingu hilo la gesi linaitwa kwa jina lake. Katika mradi mwingine, Planet Hunters, watu wa kawaida waliitilia shaka nyota KIC 8462852, ambayo mwanga wake ulishuka kwa hadi asilimia 22 bila mpangilio wowote unaoeleweka. Kompyuta zilikuwa zimeipita.

Mambo mawili tu ya kuzingatia ukiwa huko. Soma mafunzo ya mwanzo ya mradi hata kama una haraka; maelekezo mengi ni ya Kiingereza, ila picha za mifano zinajieleza. Na usikwame kwenye picha moja dakika kumi ukitafuta jibu "sahihi". Picha hiyohiyo wanaonyeshwa watu wengi, na kinachotumika ni jumla ya majibu. Jibu lako la kwanza la dhati ndilo linalotakiwa.

Baada ya wiki moja zima skrini, toka nje. Sisemi kazi ya skrini ni duni, lakini nimewaona wengi wakibaki huko miaka, na siku ukiwauliza Jabari iko upande gani wanakutazama tu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Macho yako, na miwani yako kama unavaa. Usiivue.
- Mahali ambapo taa haikupigi usoni. Si lazima pawe porini; nyuma ya ukuta panatosha kwa nyota tutakayoanza nayo, alimradi uweze kuona nyota za magnitudi 4.5 hivi.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino hukataa kuandika karatasi ikilowa umande.
- Tochi yenye mwanga mwekundu hafifu. Funika tochi ya kawaida kwa karatasi au kitambaa chekundu, tabaka mbili au tatu.
- Saa iliyo sahihi. Ya simu inafaa, lakini mwanga wa skrini upunguzwe hadi mwisho.
- Programu ya kuonyesha anga, mfano Stellarium, ambayo ni ya bure. Itumie ndani ya nyumba kabla hujatoka.
- Intaneti, siku ya kujisajili na siku za kutuma tu.

Darubini ya macho mawili ukiwa nayo iache ndani kwa sasa. Na tahadhari kwa atakayekuja kuitumia baadaye: usiielekeze kwenye jua kamwe, hata mara moja, hata kwa mzaha. Jicho haliponi.

Kingine ambacho huhitaji ni pesa. Miradi ya kweli haitozi ada ya kupokea kipimo chako. Ukiona mtu anakuuzia cheti cha kuipa nyota jina lako, jua hicho ni karatasi ya mapambo. Muungano wa Kimataifa wa Astronomia hauuzi majina.

Hatua kwa hatua: nyota ya Eta Aquilae

Nimeichagua Eta Aquilae kwa sababu nne. Inaonekana kwa macho matupu. Iko karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, kwa hiyo walio kaskazini na walio kusini wote wanaiona. Inabadilika upesi: kutoka magnitudi 3.5 hadi 4.4 kisha inarudi, yote ndani ya siku 7 na saa 4 hivi. Na haina utata, maana tangu Edward Pigott alipogundua tabia yake mwaka 1784 inajulikana inavyokwenda, hivyo utaweza kujikagua. Iko juu mapema usiku kuanzia Julai hadi Oktoba. Kama unasoma haya miezi mingine, nimeweka mbadala baada ya hatua hizi.

1. Jisajili. Nenda kwenye tovuti ya AAVSO, shirika la Marekani linalokusanya vipimo vya nyota zinazobadilika mwanga tangu 1911. Hazina yake ina vipimo zaidi ya milioni 50. Fungua akaunti kisha omba alama ya mtazamaji. Ni herufi chache zitakazoambatana na kila kipimo chako. Ni bure, na si lazima uwe mwanachama wa kulipa. Wengi hukosea hapa: wanaona ukurasa wa ada ya uanachama, wanaghairi. Pita.

2. Chapisha ramani. Kwenye tovuti hiyo kuna kitengeneza ramani. Andika jina la nyota, ETA AQL, chagua ramani pana inayofaa macho matupu, uichapishe au uinakili kwa mkono. Utaona nyota kadhaa zimeandikwa namba kama 37 au 44. Hizo ni magnitudi zilizoondolewa nukta, yaani 3.7 na 4.4, nukta imeachwa ili usidhani ni nyota. Pembeni mwa ramani pana alama ya utambulisho. Inakili kwenye daftari sasa hivi, maana utaulizwa wakati wa kutuma.

3. Ijue njia ukiwa ndani. Fungua programu ya anga. Tafuta Altair, nyota angavu ya kundinyota la Ukabu, yenye nyota mbili hafifu zaidi zilizoikalia kila upande kama walinzi. Ile hafifu kati ya walinzi hao ni Beta Aquilae, magnitudi 3.7. Sasa kutoka Beta shuka kuelekea kusini, mara mbili ya umbali ulio kati ya Altair na Beta. Hapo ndipo ilipo Eta. Pande zake mbili, mashariki na magharibi, zipo Theta (3.2) na Delta (3.4), na chini yake kidogo kuelekea kusini-magharibi ipo Iota (4.4). Kutoka Altair hadi Eta ni pungufu kidogo ya ngumi yako ukiwa umenyoosha mkono. Rudia njia hii kwenye skrini mpaka uweze kuichora bila kuangalia.

4. Toka, usubiri. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Ukifungua simu yenye mwanga mweupe hata sekunde kumi, unaanza upya. Wakati unasubiri, tafuta nyota zako bila haraka.

5. Hakikisha ni yenyewe. Linganisha ramani na anga, ukiigeuza ramani mpaka ilingane na unavyoona. Usiku wa kwanza karibu kila mtu hupima nyota isiyo yenyewe. Mimi nilipima Theta siku nne, nikashangaa kwa nini nyota yangu "imegoma" kubadilika.

6. Kadiria. Hii ndiyo kazi yenyewe, na ni nyepesi kuliko inavyosikika. Unatafuta nyota mbili za kulinganishia: moja inayong'aa kidogo kuliko Eta, nyingine hafifu kidogo kuliko Eta. Tuseme usiku huu Eta ni hafifu kuliko Beta (3.7) lakini inaishinda Iota (4.4). Sasa jiulize: iko karibu zaidi na ipi? Ikiwa katikati kabisa, kadirio lako ni 4.0 au 4.1. Ikiwa imeegemea Beta, kama theluthi moja ya njia kutoka kwake, basi ni 3.9. Chagua desimali moja, usiongeze ya pili. Jicho halipimi hivyo.

Kuna mbinu ndogondogo zinazosaidia sana. Usiikodolee macho nyota moja. Rusha jicho, huku, kule, huku, sekunde moja moja. Kila nyota itazame kwa kuiweka katikati ya jicho, usiitazame moja kwa kati na nyingine kwa pembeni, maana pembe ya jicho huongeza mwanga. Na inamisha kichwa mpaka mstari unaounganisha Eta na nyota unayoilinganisha nayo ulale sambamba na mstari wa macho yako mawili. Mahali nyota inapoangukia ndani ya jicho hubadilisha jinsi unavyouona mwanga wake, na wengi hawaamini mpaka wajaribu: geuza kichwa taratibu uone nyota "zikibadilishana" nguvu.

7. Andika papo hapo. Jina la nyota, tarehe, saa na dakika, kadirio, namba za nyota mbili ulizotumia, na hali ya anga. Andika kabla hujaingia ndani. Kumbukumbu ya mwanga ni kama maji kwenye kiganja.

Onyo kubwa la mwongozo huu ndilo hili: usiangalie kipimo cha jana kabla ya kupima leo, wala usitafute inatabiriwa kuwa ngapi. Ukishajua "leo inatakiwa iwe 3.6", utaiona 3.6. Si uongo wa makusudi. Ubongo hufanya kazi ya kuridhisha. Fungua ukurasa mpya kila usiku, au funika wa jana kwa kipande cha karatasi. Ukipata 4.1 na wenzako wote wamepata 3.8, tuma 4.1. Watafiti wana njia za kuchuja tofauti za macho ya watu, lakini hawana njia ya kujua kuwa ulinakili.

8. Badilisha saa. Hapa ndipo wazungumzaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Vipimo hutumwa kwa Saa za Ulimwengu, UT. Unavuka madaraja mawili, na usiyachanganye.

Daraja la kwanza: kutoka saa zetu kwenda saa 24. Saa tatu na nusu usiku ni 21:30. Saa saba na nusu usiku ni 01:30, na hapo tarehe imeshageuka.

Daraja la pili: toa tofauti ya eneo lako. Tuseme saa za kwako zimetangulia UT kwa saa tatu. 21:30 inakuwa 18:30 UT, tarehe ileile. Lakini 01:30 ya tarehe 13 inakuwa 22:30 UT ya tarehe 12. Ukiwa na mazoea ya kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", kuwa mwangalifu zaidi: andika tarehe kwa namba, si jina la siku.

Kipimo changu cha kwanza kabisa nilikiandika saa 3:30 usiku, nikapunguza saa tatu bila kuvuka daraja la kwanza, nikatuma 00:30. Kwa mujibu wa hazina ya dunia nzima, nilikuwa nimeitazama Eta Aquilae nikiwa usingizini.

Fomu hupenda pia hesabu ya siku za Juliani, ambayo ni idadi tu ya siku zinazofuatana bila miezi wala miaka; saa sita mchana UT ya Januari 1, 2000 ilikuwa siku ya 2451545.0. Usiihesabu kwa mkono. Tovuti ina kikokotoo.

9. Tuma. Fungua fomu ya kutuma kipimo kimoja, chagua kuwa ni kipimo cha macho, jaza. Kuna sehemu ya herufi za maelezo: B kama anga ilikuwa na mwanga mwingi, U kama kulikuwa na mawingu, moshi au vumbi, I kama huna hakika ni nyota yenyewe, Z kama huna hakika na kadirio. Zitumie bila aibu. Kipimo chenye Z ni cha heshima kuliko kilichojifanya hakina shaka.

Ukigundua umekosea baada ya kutuma, ingia, tafuta kipimo chako, kirekebishe au kifute. Hakuna atakayekugombeza.

10. Rudia, lakini kwa mpangilio. Eta ipime mara moja kila usiku ulio wazi. Zaidi ya hapo hakuna faida. Wiki tatu zikipita, chora vipimo vyako kwenye karatasi ya miraba: tarehe chini, magnitudi kando, namba ndogo ikiwa juu. Utaona inapanda haraka na kushuka polepole. Siku nilipouona mchoro wangu wa kwanza nilimwamsha mtu aliyekuwa amelala ili aje autazame, hakufurahi.

Kama Ukabu haionekani msimu wako

Desemba hadi Aprili, chukua Betelgeuse. Linganisha na Procyon (0.4), Aldebaran (0.9), Pollux (1.1) na Bellatrix (1.6). Ni ngumu kuliko Eta kwa mambo mawili. Nyota hizo ziko mbalimbali angani, na iliyo chini karibu na upeo hupoteza mwanga kwa kupita katika hewa nyingi. Basi chagua za kulinganishia zilizo katika kimo kinachokaribiana, na usipime chochote kilicho chini ya theluthi ya njia kutoka upeo hadi utosini. Pia ni nyekundu, na nyota nyekundu ukiikazia macho huzidi kung'aa kadiri unavyoitazama. Jicho la haraka tu, kisha ondoka. Mara moja kwa wiki au wiki mbili inatosha.

Kuhesabu vimondo ni kazi nyingine isiyohitaji chombo. Lala chali kwenye mkeka, tazama sehemu ya anga isiyozibwa, hesabu kwa saa nzima, andika saa ya kuanza, ya kumaliza na kila dakika uliyopumzika. Manyunyu mazuri ni Eta Aquariid karibu Mei 5 na 6, Perseid karibu Agosti 12 na 13 (walio kaskazini wanafaidi zaidi), na Geminid karibu Desemba 13 na 14. Ripoti hupokelewa na Shirika la Kimataifa la Vimondo, IMO. Watu husahau kuandika nyota hafifu kabisa waliyoweza kuiona usiku huo, na bila hiyo idadi ya vimondo haina maana: kumi chini ya taa za mji si sawa na kumi gizani.

Na kama una dakika tano tu, Globe at Night hukuonyesha ramani kadhaa za kundinyota moja zenye nyota nyingi au chache, nawe unachagua inayofanana na anga lako. Wanachopima ni jinsi mwanga wa taa unavyoimeza mbingu. Hufanyika siku ambazo mwezi haupo angani, walau saa moja baada ya jua kuzama.

Mambo yakigoma

*Nyota yangu haibadiliki.* Kwanza rudi hatua ya 5, huenda unapima jirani yake. Pili, angalia siku zako: ukitazama Eta kila Ijumaa tu, mzunguko wake wa siku 7 na saa 4 unakukuta karibu mahali palepale kila wiki. Badili siku.

*Vipimo vyangu viko juu au chini ya vya wengine kila mara.* Kama tofauti ni 0.2 au 0.3 na haibadiliki, hayo ni macho yako tu, endelea, usijirekebishe. Ikizidi magnitudi 0.5, kagua kama unasoma namba za ramani sawasawa, na kama nyota ya kulinganishia ndiyo yenyewe.

*Kipimo kimoja kimeruka vibaya peke yake.* Tazama saa kwanza. Mara tisa kati ya kumi ni lile daraja la saa au tarehe. Saa ikiwa sawa na daftari linasema hivyo, kiache.

*Mawingu yanapita pita.* Pima pale ambapo nyota zote tatu ziko wazi kwa pamoja. Wingu jembamba likifunika moja tu, kadirio limekwisha kazi. Ikishindikana, usitume kitu. Usiku usio na kipimo si deni.

*Nyota siioni kabisa.* Kwa Eta maana yake anga ni chafu au mwezi mpevu uko jirani. Lakini kwa nyota zinazofifia sana, kutoiona nako ni kipimo: tafuta nyota hafifu kabisa unayoiona kwenye ramani, tuseme 5.2, na uandike <5.2, yaani "ilikuwa hafifu kuliko hapo". Kwa nyota kama T Coronae Borealis, iliyolipuka 1866 na 1946 na ambayo inasubiriwa ilipuke tena, ripoti za "haikuwepo" ndizo zitakazosaidia kubana saa ya mlipuko.

*Nimetuma mwezi mzima, hakuna aliyeniandikia neno.* Hawataandika, wanapokea vipimo vingi mno. Fungua kichora mikondo (michoro ya mwanga wa nyota siku hadi siku) cha tovuti ya AAVSO, weka ETA AQL, kisha weka herufi zako za mtazamaji. Nukta zako zitajitokeza kwa rangi yake katikati ya nyingine zote.